Ngumi Moja Kati ya Mkono na Paja

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Joto limeanza kabla ya saa tatu. Upepo wa vumbi umetoka upande wa mtoni, na mawingu mawili matatu yalikuja yakasimama juu ya mji kama watu waliosahau walichofuata, kisha yakaondoka. Mvua hakuna.

Nyinyi vijana mnaokuja uwanjani asubuhi mliniambia niandike. Mlisema, mzee, unasema mambo mengi na sisi tunasahau, yaweke kwenye daftari. Basi nimenunua daftari. Mimi si mtu wa kuandika, shule niliachia darasa la saba, na hata hilo la saba sikulimaliza vizuri. Leo nimekaa chini kwa sababu siwezi kufanya kitu kingine chochote. Fardosa, mwanafunzi wangu, yuko Nairobi. Saa nne asubuhi alikuwa asimame mbele ya watu watatu wa klabu moja huko, apige mipira wamtazame, waamue kama watampa kazi ya kufundisha gofu wanawake na wasichana. Nafasi ni moja. Sasa ni saa nane mchana na simu haijalia.

Kama ameikosa, nataka mjue sababu kutoka kwangu. Wiki sita zilizopita nilimharibia msimamo wake. Nilimharibia kwa mdomo, maana kwa mikono sikumgusa, lakini ni mimi.

Nitaanza mbali kidogo, mnisamehe.

Nilipofika Nairobi kutafuta kazi nilikuwa tayari nina ndevu. Nilikuwa nimechunga ngamia Wajir tangu nijue kutembea, na mji niliujua kwa kusikia tu. Nikapata kazi ya kubebea watu mikoba ya gofu, yaani kuwa kedi. Mkubwa wa makedi alikuwa Mzee Mutua, Mkamba wa Mwingi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini sana. Kila Jumatatu klabu ilikuwa inafungwa na makedi waliruhusiwa kucheza. Jumatatu yangu ya kwanza Mutua akanipa fimbo namba saba, akaweka mpira kwenye nyasi, akasema, "Haya, kijana wa ngamia. Piga."

Sisi tuliochunga tunajua fimbo moja, hangool, ile ndefu yenye panda ya kuvutia matawi ya miiba unapojenga zizi. Ukivuta mwiba unasimama mbali, unanyoosha mikono mbele kabisa, unarudisha uso nyuma usichomwe macho. Mwili wangu haukujua namna nyingine ya kushika mti mrefu. Nikasimama hivyo hivyo mbele ya mpira.

Mutua akanizunguka mara mbili.

"Unauogopa?"

"Nani, mzee?"

"Mpira. Unaona una miiba?"

Makedi wengine wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikapiga, fimbo ikagusa mpira kwa ncha, mpira ukaenda pembeni kama kuku aliyefukuzwa. Nikapiga tena, yale yale. Mutua hakucheka. Nasema hivyo kwa sababu ni haki yake, ingawa baadaye alinicheka kwa mambo mengine mengi.

Akaniuliza, "Kwenu mnateka maji wapi?"

"Kisimani."

"Unasimama ukingoni unainama. Kamba inashuka wapi?"

"Chini."

"Mbona haiendi mbele?"

"Mzee, kamba haiendi mbele. Ni kamba."

"Na ndoo ikigonga ukuta wa kisima?"

"Maji yanamwagika. Unasimama vizuri isiguse ukuta."

"Basi hiyo mikono yako ni kamba," akasema. "Inama kwenye nyonga kama uko kisimani, mgongo usiukunje. Halafu wacha mikono ianguke. Pale inapoangukia ndipo pa kushika fimbo. Na pale fimbo inapofika ndipo mpira ulipo. Wewe unaanza na mpira halafu unautafutia mwili. Anza na mwili."

Hayo ndiyo niliyofundishwa, na miaka thelathini na kitu baadaye sijapata maneno bora. Nimeona walimu waliotoka ng'ambo na vitabu, nimeona mashine za kupima, na siku hizi nyinyi mnajipiga video kwa simu na kuzirudisha polepole. Sizidharau. Mwanzoni nilizidharau, lakini video imewahi kunionyesha jambo ambalo macho yangu yalikosa, kwa hiyo nimenyamaza. Hata hivyo video ikishaisha, mtu bado lazima ainame na kuacha mikono ianguke.

Andikeni haya pembeni, yatawafaa. Ukishasimama, ondoa mkono wa kulia kwenye fimbo uuache ulegee. Ukirudi karibu na mwili wako, ulikuwa unaufuata mpira, uko mbali nao. Ukienda mbele zaidi ya ule wa kushoto, uko karibu mno, umejibana. Ukibaki pale pale ubavuni mwa mwenzake, umepata. Kisha inua visigino kidogo. Ukitaka kuanguka mbele, uzito wako uko kwenye vidole, rudi. Uzito ukae pale unapofungia kamba za kiatu. Magoti yalegee kidogo tu. Na miguu msiitanue kama twiga anayekunywa maji, ninyi wa Bour-Algi mnamwona kila siku na mnajua jinsi anavyopata taabu kuinuka.

Umbali unabadilika kwa urefu wa fimbo. Fupi inakuleta karibu, ndefu inakupeleka mbali. Fimbo ndiyo inayokusogeza, mikono inabaki inaning'inia vile vile. Na kati ya mkono na paja ibaki nafasi ya ngumi moja, kwa fimbo ndefu zaidi kidogo. Hiyo ngumi nimeisema maisha yangu yote. Hiyo ngumi ndiyo iliyonishika.

Tena nilikuwa nimeonywa. Nilipokwisha kuwa mwalimu msaidizi nilipewa mzee mmoja wa benki, mtu mwema, mwenye tumbo lililotangulia mbele yake kila alipokwenda. Nikatafuta ngumi yangu nikakuta mikono imeegemea tumbo. Nikamrudisha nyuma. Bado. Nikamrudisha tena, mpaka akawa anaufikia mpira kama mtu anayechukua kiatu chini ya kitanda. Mwezi mzima hakupiga mpira hata mmoja wa maana, na mimi nikamwambia ni viatu. Akanunua viatu vipya. Mpaka leo naona aibu kwa vile viatu.

Mutua alikuwa anapita na ndoo ya mipira. Akanivuta pembeni, maana hakuwahi kunisahihisha mbele ya mtu. "Tumbo ni mzigo amebeba," akasema. "Usipime mzigo. Pima kutoka begani." Nikampeleka mzee wa benki mbele hatua nzima, mikono ikaanguka ilipotaka, mpira ukaruka. Alinishukuru. Sikumwambia habari ya viatu.

Sasa nifike kwa Fardosa.

Nilipostaafu nilirudi hapa Garissa na mke wangu Halima, na mnajua uwanja wetu ulivyo. Nyasi hakuna. Mashimo yamezungukwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ya gari ili upepo usiuchukue, mbuzi wanapita katikati ya mchezo, na korongo wanasimama juu ya migunga wakitutazama kama wakaguzi. Fardosa alikuja miaka miwili iliyopita. Ni binti wa jirani yangu Bare, yule anayeuza dawa za mifugo karibu na soko la ng'ombe. Alikuwa amemaliza chuo na hana kazi. Akasimama pale kwenye mwarobaini na jilbabu yake ya kijivu inayofika magotini, akasema, "Adeer, wanawake wanaruhusiwa?"

Nikamwambia uwanja hauna mlango wa kumzuia mtu.

Mimi si baba yake wala si ami yake wa damu, ni adeer wa heshima tu, kwa hiyo kumshika bega kumrekebisha haikuwezekana, na sikutaka watu waseme neno juu yake. Tukapanga hivi. Halima anakuja na thermosi yake ya chai, anakaa kivulini, na panapohitajika mkono, mkono ni wake. Mimi nasimama mbali na kusema, "Halima, mshushe bega la kulia," naye anaondoka kwenye chai yake akinung'unika, anashusha bega, anarudi. Wiki ya kwanza alianza pia kutoa maoni. Nikamwambia asiingilie kazi ya watu. Akasema, "Waa yahay," yaani sawa, na akakaa kimya juu ya gofu kwa miaka miwili. Kuhusu mambo mengine hakukaa kimya.

Fardosa alipiga vizuri tangu mwanzo. Mimi nilimfundisha kushika fimbo na kutulia, lakini kusimama alijua mwenyewe. Nilimwona anasimama karibu na mpira kuliko nilivyozoea, nikaacha kwa kuwa mpira ulikuwa unakwenda. Hapo nilikuwa na akili.

Habari ya nafasi ya Nairobi ilipofika, nikaingiwa na hofu. Nikawaza wale watu watatu watamwona msichana wa jangwani amesimama vibaya, watamcheka, na watauliza ni nani aliyemfundisha. Nitakuwa mkweli, lile la mwisho liliniuma zaidi. Nikamtazama kwa makini nikitafuta ngumi. Sikuiona. Mikono yake ilikuwa imegusa mwili kabisa.

"Rudi nyuma," nikamwambia.

"Adeer, hapa naona sawa."

"Unaona sawa kwa sababu umezoea. Rudi."

Akarudi. Nikaangalia, ngumi bado haijatosha. Halima akatumwa amsogeze. Na kuanzia siku hiyo mipira ikaanza kwenda pembeni, mingine inaburura mchangani, mingine inagongwa kwa ncha ya fimbo. Nikasema ni mazoea mapya, yatakaa. Wiki mbili, tatu, nne. Nikasema ni woga wa mtihani. Alikuwa anafika uwanjani kabla jua halijatoka, anapiga mpaka viganja vinatoka malengelenge, na mimi nasema woga. Hata nilikwenda dukani kwa Bare nikamwambia kwa upole kwamba pengine binti yake bado hajaiva, asikasirike akirudi mikono mitupu. Bare alikuwa anapima dawa ya minyoo. Hakuinua macho. Akasema tu, "Wewe ndiye unayejua, mzee."

Juzi Jumanne, baada ya alasiri, lilikuwa zoezi la mwisho. Basi lake ni la Jumatano asubuhi. Akapiga mipira kumi na sikumbuki hata mmoja uliokwenda mbele. Nikasema, "Halima, msogeze nyuma kidogo tena."

Halima hakusimama. Akamimina chai.

"Nimsogeze mpaka wapi? Balambala?"

"Kidogo tu. Hana ngumi."

"Ngumi gani?"

"Kati ya mkono na paja."

Hapo akaweka kikombe chini, akaenda pale alipoinama Fardosa, akanitazama. "Paja liko wapi?"

Nikaonyesha kwa fimbo.

"Hiyo ni nguo," akasema. Akaweka kiganja kwenye ile jilbabu ya kijivu, akaisukuma ndani, ikaingia, ikaingia, mkono wake ukazama mpaka kifundo kabla haujagusa mtu. "Paja liko huku. Mtu akiinama, jilbabu inaanguka kutoka kifuani, inasimama peke yake huku mbele. Wiki sita unapima nguo."

Korongo mmoja akaruka kutoka mgungani.

"Na mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Uliniambia nisiingilie kazi ya watu."

Ni kweli, nilimwambia. Nimeshaandika hapo juu.

Vijana wangu, hapo nilikuwa na njia mbili. Fardosa alikuwa amesikia, lakini hakuwa ameelewa bado, alikuwa ameinama na fimbo mkononi akingoja kuambiwa. Ningeweza kusema, haya, sogea mbele kidogo tujaribu, kama vile ni jambo dogo la kuongeza. Asingejua. Angekwenda Nairobi akidhani kosa ni lake. Sina hakika ningefanya nini kama Halima hangekuwa pale amesimama na mkono umezama ndani ya ile nguo. Napenda kudhani ningesema kweli. Siwezi kuapa.

Nikasema, "Fardosa, ulikuwa sawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea. Wala hukuwa na woga. Rudi ulivyokuwa."

Akainuka. Kisha akasema polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira, "Nilivyokuwa vipi, adeer? Sikumbuki tena."

Hilo ndilo lililonizuia usingizi. Mwili ukishafundishwa kosa wiki sita, huwezi kuufuta kwa neno moja jioni moja. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nikamfikiria Mutua, ambaye sasa yuko kwao Mwingi analima ndengu na hasikii vizuri kwenye simu. Angefanya nini? Angeuliza habari ya kisima. Lakini Fardosa amekulia kwenye maji ya bomba, kamba ya kisima hajaishika. Nikatafuta kitu kinachoning'inia. Na kilikuwa mbele ya macho yangu.

"Inama tena," nikamwambia. "Usishike kitu. Iache jilbabu ianguke. Tazama inakwenda wapi."

"Chini."

"Sasa mikono iache iende inakokwenda nguo. Sambamba nayo. Isiipite, isibaki nyuma."

Mikono ikashuka ikaning'inia pembeni mwa kile kitambaa, imenyooka kama kamba mbili. Halima akamwekea fimbo viganjani. Mpira ukasogezwa mpaka ulipofika uso wa fimbo. Wiki sita zote ile nguo ilikuwa inanionyesha mahali pa mikono, na mimi nikaihesabu kuwa mwili.

Akapiga. Ulikwenda pembeni. Akapiga tena, ukaburura. Wa tatu ukaruka ukatua mbali, ukitoa kivumbi kidogo. Kabla ya adhana ya magharibi alipiga ishirini. Kumi na moja ilikuwa mizuri. Nimehesabu kwa haki, kuna mmoja ambao Halima anausema mzuri na mimi nimeukataa.

Jana baada ya kumsindikiza nilikwenda dukani kwa Bare nikarudisha maneno yangu. Nikamweleza kosa lote, na nguo, na ngumi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ameiva au hajaiva?" akauliza.

"Alikuwa ameiva. Mimi nimemrudisha jikoni."

Akacheka kidogo, nadhani. Akanipa kiti. Hakunipa chai, na sikuitarajia.

Saa kumi kasoro. Nimesimama hapa kuswali alasiri, sasa naendelea.

Simu imelia. Nilimpa Halima apokee. Akaweka sauti ya juu.

"Eeddo," yaani shangazi, "adeer yuko?"

"Yuko hapa anaandika. Sema."

Fardosa akasema alipewa mipira kumi, na mitatu ya kwanza ilikwenda vibaya. Wa kwanza kabisa ulimkosa mmoja wa wale watu kwa hatua mbili, ikabidi aruke. Basi akaweka fimbo chini mbele yao wote, akainama mikono mitupu, akaitazama nguo yake inakwenda wapi, akakaa hivyo mpaka wakaanza kutazamana. Kisha akaokota fimbo. Saba iliyobaki ilikwenda.

Wakamwuliza lile lilikuwa nini, kuinama vile bila fimbo.

"Ukawaambia nini?" nikauliza.

"Nikawaambia ndivyo ninavyotafuta umbali. Wakaniuliza nani amenifundisha. Nikasema mwalimu wangu Garissa. Halafu nikawaambia kwamba alikuwa amenifundisha vibaya kwa wiki sita, na akaniambia mwenyewe juzi."

Halima akanitazama. Mimi nikatazama daftari.

"Ulilazimika kuwaambia hilo la pili?"

"Walikuwa wameniuliza kama mwanafunzi akiharibika nitafanyaje," akasema. "Sikuwa na mfano mwingine, adeer."

Kisha akasema, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni, "Naanza tarehe moja. Wamesema nilete jilbabu nyingine, ya kuwaonyeshea wanafunzi."

Halima alishika mdomo. Mimi niliomba nimwite baba yake nimwambie, Fardosa akasema ameshampigia, yeye ndiye wa kwanza, na baba amesema mzee aje dukani kesho, kuna chai.

Asubuhi Halima alikuwa ameteleka ambulo, zile kunde nyekundu ndogo zinazokaa motoni kutwa nzima. Alisema leo ni siku ya kungoja, kwa hiyo tupike kitu kinachongoja. Baada ya magharibi tumezila kwa mafuta ya simsim na sukari, na maziwa ya ngamia kikombe kimoja tukagawana. Zilikuwa zimeiva.